Kusikilizwa Kabla ya Kuadhibiwa: Griffin wa Starehe na Tabia ya Mwanafunzi

Miongoni mwa walimu wakuu walioacha alama katika malezi ya wanafunzi wa shule za bweni nchini Kenya, Geoffrey William Griffin, aliyekuwa mkurugenzi wa Starehe Boys' Centre jijini Nairobi tangu ilipoanzishwa mwaka 1959 hadi alipofariki mwaka 2005, ana nafasi ya pekee. Nafasi hiyo haitokani na matokeo ya mitihani peke yake, ingawa kwa miaka mingi Starehe ilihesabiwa miongoni mwa shule bora nchini, bali inatokana na msimamo aliouishi kwa zaidi ya miaka 45, kwamba nidhamu ya shule, hata iwe kali kiasi gani, haiwezi kusimama pale ambapo wanafunzi hawana mahali pa kusemea. Tajriba hiyo aliiweka katika kitabu chake School Mastery, kilichotoka mwaka 1994 na kinachohusu uendeshaji wa shule za bweni, yaani shule ambazo mwanafunzi hulala, hula na kusoma humo humo kwa muhula mzima.

Griffin alizaliwa Eldoret mwaka 1933, na ujana wake uliangukia katika miaka ya Hali ya Hatari, kipindi kilichoanza mwaka 1952 ambapo serikali ya kikoloni ilipambana na wapiganaji wa Mau Mau na kuwatia kizuizini maelfu ya watu, wakiwemo vijana wadogo. Alifanya kazi na vijana hao katika kambi ya Wamumu, na ingawa kambi hiyo ilikuwa sehemu ya mfumo wa kizuizini, jambo ambalo halipaswi kufichwa, ndiko alikojifunza kuishi na watoto waliokuwa wamepoteza imani kwa kila mkubwa mwenye amri. Mwaka 1959, akishirikiana na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo, alianzisha Starehe katika vibanda viwili vya mabati vilivyotolewa na kampuni za mafuta, ili kuwapokea wavulana waliokuwa wakirandaranda mitaani Nairobi, wengi wao wakiwa wamepoteza wazazi au makao kutokana na vita hivyo.

Asili hiyo inaeleza mengi. Shule nyingi zina silaha moja ya haraka dhidi ya mwanafunzi mtukutu, nayo ni kumrudisha nyumbani akamlete mzazi. Lakini mtoto asiye na mzazi wala nyumba hawezi kutishwa kwa kurudishwa asikotoka, na mtu aliyekwisha kulala barazani mwa maduka hashtushwi na kufukuzwa. Shule ya watoto wa namna hiyo ililazimika kutafuta njia nyingine ya kuwafanya waione kuwa yao, wailinde na kuzitii kanuni zake kwa hiari.

Njia iliyopata sifa zaidi ni baraza, mkutano wa kila wiki ambapo mkurugenzi alikaa mbele ya shule nzima na wanafunzi wakapewa nafasi ya kueleza malalamiko, kuuliza maswali na kutoa mapendekezo bila kuogopa kuadhibiwa kwa walichosema. Ili kuelewa uzito wa utaratibu huu, inafaa kutazama maisha ya bweni yalivyo kwa karibu. Mwanafunzi anasimama kwenye foleni ya chakula cha jioni akiwa na sahani mkononi, anapakuliwa maharagwe yenye fukusi kwa siku ya tatu mfululizo, na anapomwonyesha kiranja anaambiwa apite asizuie wenzake. Jambo hilo ni dogo, lakini lisipopata pa kusemewa halifi. Huingia bwenini usiku, huungana na la mwenzake aliyeibiwa blanketi na la mwingine aliyeadhibiwa kwa kosa lisilo lake, na baada ya majuma machache wote wanazungumza lugha moja ya uchungu ambayo mwalimu wa zamu hajui kuwa ipo. Jambo lile lile likisemwa mbele ya watu wote, mwalimu mkuu analazimika kulijibu papo hapo: ama anaahidi kubadilisha mgavi wa maharagwe, ama anaeleza kuwa fedha za muhula zimepungua na kwa nini. Jibu la pili huenda lisimfurahishe mtu, lakini humfunza kijana kwamba aliye madarakani anadaiwa maelezo, na kwamba anayelalamika anadaiwa ukweli na adabu. Somo hilo la uraia halimo katika kitabu chochote cha darasani, na pengine ndilo kubwa kuliko yote ambayo shule ya bweni inaweza kutoa.

Upande wa pili wa malezi hayo ni dhamana. Viranja, yaani wanafunzi wanaopewa mamlaka ya kusimamia wenzao, ni urithi wa shule za Kiingereza, na nchini Kenya ulikita mizizi kupitia wamishonari kama Edward Carey Francis, mtaalamu wa hisabati kutoka Cambridge aliyeongoza shule ya Maseno kuanzia mwaka 1928, kisha ya Alliance kuanzia mwaka 1940 hadi 1962, na ambaye baada ya kustaafu uongozi alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani kama mwalimu wa kawaida. Hatari ya mfumo huu inajulikana: kiranja aliyepewa cheo bila kazi hugeuka mtawala mdogo, na wa kwanza kuumia ni wanafunzi wapya, wanaoitwa "mono", ambao hufulishwa nguo za wakubwa, hunyang'anywa vitafunio na kuamshwa usiku wa manane. Starehe iliwapa viranja wake madaraka makubwa kuliko shule nyingi, lakini madaraka hayo yaliishi karibu na baraza, ambamo aliyeonewa angeweza kuinuka. Zaidi ya hayo wanafunzi walihimizwa kutoa huduma ya hiari wakati wa likizo, wakifanya kazi bila malipo hospitalini na katika ofisi za umma, kwa hiyo aliyesomeshwa kwa fedha za wafadhili alijifunza pia kutoa.

Thamani ya fikra hizi inaonekana kwa uchungu pale zilipokosekana. Mwezi Machi mwaka 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, lililochomwa moto usiku huku mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na vyuma. Kamati iliyoongozwa na Naomi Wangai mwaka huo kuchunguza nidhamu na ghasia shuleni ilitaja sababu nyingi, zikiwemo dawa za kulevya, na pia walimu wakuu wanaoongoza kwa amri bila kuzungumza na wanafunzi. Mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku viboko, na baadaye, mwaka 2009, likaanzishwa baraza la wanafunzi wa shule za sekondari ili viongozi wa wanafunzi wachaguliwe na wenzao badala ya kuteuliwa na walimu. Hata hivyo mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilikumbwa na moto, na haiwezekani kusema kwamba uchaguzi pekee umetosha, kwa maana kiongozi aliyechaguliwa na wanafunzi lakini asiyesikilizwa na mwalimu mkuu anabaki mjumbe asiye na wa kumpelekea ujumbe.

Tatizo linalozidi kukua ni idadi. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2018 kwamba kila mtoto anayemaliza shule ya msingi aingie sekondari, mabweni yamejaa, vitanda vimesogezwa hadi kwenye njia za kupita, na mwalimu mkuu hutumia sehemu kubwa ya siku yake akifuatilia karo, wazabuni na fomu za wizara. Baraza la wanafunzi wote kwa pamoja linakuwa gumu katika shule ya namna hiyo, kwa hiyo kazi ya kusikiliza inamwangukia mwalimu wa bweni, ambaye mara nyingi ana vipindi kamili vya kufundisha mchana na hapunguziwi hata kimoja kwa ajili ya saa anazokaa na wanafunzi usiku.