Munganga, uliza mutoto mwenyewe

Mama anafika kwenye kituo cha afya na mutoto wake wa miaka 15. Mutoto haangalii mutu usoni, anaziba masikio juu ya kelele za baraza. Infirmie anauliza mama: « Anaumwa nini? » Mama anajibu yote. Wanarudi nyumbani na dawa ya malaria.

Pengine mutoto alikuwa na neno lingine. Wote wanamuita binti, lakini yeye mwenyewe hajisikii binti. Nani alimuuliza?

Otisimu, wengine wanaita usonji, si laana wala uchawi. Ni namna ubongo unavyofanya kazi toka utoto. (Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mutoto inakataza kumusingizia mutoto uchawi, hata kwenye chumba cha maombi.) Mwaka 2020 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliangalia habari za watu zaidi ya 600.000. Walikuta otisimu mara 3 mpaka 6 zaidi kwa wale wasiojisikia sawa na jinsia waliyopewa wakati wa kuzaliwa. Kujisikia hivyo, Shirika la Afya Duniani halikuhesabu tena kuwa ugonjwa wa akili katika orodha yake inayotumika toka 2022.

Kosa kubwa ni kusema: « Huyu ana otisimu, hajui anachosema. » Mara nyingi anajua. Njia yake ya kusema ndiyo tofauti.

Basi munganga amupeleke pahali pa kimya. Aulize jina gani anapenda kuitwa. Swali moja tu kwa mara moja, na maneno ya wazi. « Unajisikia namna gani mwilini? » ni swali kubwa mno, atanyamaza. Afazali: « Damu ya mwezi inakusumbua? Ndiyo ao hapana? » Kisha angoje, hata dakika nzima, kimya si kiburi. Asimulazimishe kumuangalia machoni. Mbele ya kumugusa, amuambie atagusa wapi.

Na siri! Baba akirudi toka carrière asisikie habari hiyo kwa jirani. Watoto wanafukuzwa nyumbani kwa neno kama hilo. Munganga aulize mutoto kwanza: nani ajue, nani asijue.

Wazazi, kama mutoto anaandika vizuri kuliko kusema, aandike nyumbani, mumulete na karatasi yake. Musiisome njiani.