Moto ukizuka Kuze, nani atampisha zimamoto njia hewani?

Na Mwandishi Wetu

HEBU tuseme, msomaji, kwamba ni usiku wa Ijumaa, saa tatu. Katika nyumba moja ya ghorofa mtaani Kuze, Mji wa Kale, Mombasa, waya wa umeme umeshika moto ukutani. Moshi umetanda darini, boriti zimeanza kulia, na mama wa nyumba amekwisha kuwatoa watoto nje. Anashika simu.

"Uko wapi, mama?"

"Kuze, mwanangu! Ukishampita muuza mahamri, kichochoro cha pili, upande wa msikitini."

"Nyumba nambari ngapi?"

"Nambari gani tena? Wewe njoo upesi, uliza watu!"

Aliyekulia Mji wa Kale anajua yatakayofuata. Gari la zimamoto litafika barabara kubwa na hapo ndipo litakapokomea. Vichochoro vya Kuze vilijengwa kwa ajili ya watu, punda na mikokoteni, si kwa malori yenye matangi ya maji. Kutoka hapo kazi ni ya miguu, mipira ya maji na mazungumzo. Aliye mbele sharti amwambie aliye nyuma: fungua maji, funga maji, kuna mtoto juu, umeme haujakatwa, leta machela. Mazungumzo hayo yakikatika, hata maji yakiwa tele hayatafaa kitu.

Sasa tazama upande wa pili. Wakati huo huo mtaa mzima umetoa simu. Huyu anampigia nduguye Likoni, yule anapiga picha za video na kuzituma Maskati na Dubai, wengine wanamtafuta bibi ambaye hapatikani. Mnara wa simu ulio karibu umezidiwa. Ikiwa mzimamoto naye anategemea mnara huo huo, anasubiri zamu kama mtu mwingine yeyote.

Hapo ndipo swali la makala haya linapozuka: nani, kwa mujibu wa sheria, anapaswa kupishwa njia hewani?

Njia za hewani

Simu ya mkononi, redio na televisheni zote husafiri juu ya mawimbi yasiyoonekana. Mawimbi hayo hugawanywa katika masafa, na masafa hayo, kama ardhi ya mjini, yana mwisho. Watu wawili wakitumia masafa yale yale mahali pale pale, wataingiliana na hakuna atakayesikika. Ndiyo maana kila nchi huwa na msimamizi. Kwetu Kenya msimamizi huyo ni Mamlaka ya Mawasiliano, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998, iliyorekebishwa mwaka 2013.

Si masafa yote yaliyo sawa. Yaliyo ya chini, kama yale ya megahezi 700 na 800, hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Kwa mkazi wa Kuze, anayeishi ndani ya kuta nene za matumbawe na chokaa, jambo hili si dogo. Nani hajatoka barazani ili apate mtandao?

Masafa hayo yalitoka wapi? Yalitoka katika televisheni zetu. Wengi tunakumbuka mwaka 2015, tulipolazimika kununua ving'amuzi baada ya mitambo ya analogi kuzimwa. Televisheni za kidijitali hutumia nafasi ndogo zaidi, kwa hiyo sehemu ya masafa ya zamani ilibaki wazi. Mwaka huo huo wa 2015, mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva ulizihimiza nchi zifikirie masafa ya kati ya megahezi 694 na 894 kwa ajili ya intaneti ya kasi ya polisi, wazimamoto na wahudumu wa ambulensi.

Lakini masafa hayo hayo ndiyo yanayotamaniwa na kampuni za simu, na yana bei. Safaricom ililipa dola milioni 25 kwa sehemu yake katika masafa ya megahezi 800. Serikali yenye shida ya fedha huona rahisi kuuza kuliko kutenga. Yule wa kuuziwa anajulikana, ilhali yule atakayeokolewa bado hajulikani ni nani.

Kadi yenye daraja

Huenda wengi hawajui kwamba ndani ya kadi ya simu, ile tunayoiita laini, mna nambari ya daraja. Kadi za wananchi wa kawaida zimegawanywa katika madaraja ya 0 hadi 9, bila kubagua tajiri wala maskini. Daraja la 12 limewekewa vyombo vya usalama, la 13 mashirika ya huduma kama maji na gesi, na la 14 waokoaji. La 11 na la 15 ni ya kampuni ya simu yenyewe.

Mnara ukizidiwa, unaweza kuyaamuru madaraja ya kawaida yasubiri na kuyaachia yale maalumu yapite. Mitandao ya kizazi cha nne, yaani 4G, inaweza kufanya zaidi ya hayo. Mwito wa mwokoaji unaweza kuwekwa mbele ya foleni na, nafasi ikikosekana kabisa, video ya arusi ya mtu fulani itakatwa ili mwito huo upite.

Kwa hivyo ufundi upo. Linalobaki ni la kisheria: nani apewe kadi hiyo, nani aamue kwamba sasa ni dharura, na nani alipe.

Yaliyowafika wenzetu

Marekani ilijifunza kwa machozi. Tarehe 11 Septemba 2001, helikopta za polisi wa New York ziliona kwamba jengo la pili lilikuwa karibu kuanguka na zikatoa onyo. Onyo hilo lilipita katika redio za polisi. Wazimamoto waliokuwa ndani ya jengo walitumia redio nyingine, na wengi hawakulipata. Siku hiyo idara ya zimamoto ya jiji hilo ilipoteza watu 343.

Ilichukua zaidi ya miaka 10 kabla ya Bunge lao kupitisha sheria, mwezi Februari 2012, ya kuanzisha mtandao mmoja wa waokoaji uitwao FirstNet. Ulitengewa megahezi 20, na mwaka 2017 kampuni ya AT&T ikapewa mkataba wa miaka 25 wa kuujenga na kuuendesha. Kampuni inaruhusiwa kuwauzia wananchi nafasi iliyobaki, ila kwa sharti moja: waokoaji wakiihitaji, wengine wote wanapisha.

Kisa cha pili kitamwelea kila mtu aliyewahi kuishiwa na bando. Mwaka 2018, California ilipokuwa ikiteketea kwa moto wa misitu, wazimamoto wa kaunti ya Santa Clara waligundua kwamba intaneti ya gari lao la kuratibu shughuli imepunguzwa kasi na kampuni ya Verizon hadi kiasi cha moja kwa mia mbili. Sababu? Walikuwa wamepita kiwango cha matumizi cha mwezi. Kampuni ilikiri kosa, na mwaka 2019 jimbo hilo likatunga sheria ya kukataza jambo kama hilo wakati wa dharura.

Korea Kusini ilipata wazo la mtandao mmoja wa waokoaji baada ya moto wa treni ya chini ya ardhi mjini Daegu, mwaka 2003, uliowaua watu 192. Mpango ukapigwa danadana. Tarehe 16 Aprili 2014 feri ya Sewol ikazama na watu 304 wakafa, wengi wao wanafunzi. Hapo ndipo kazi ilipofanywa kwa dhati, na mtandao ukakamilika mwaka 2021. Tangu wazo hadi kazi ilikuwa miaka 18.

Sisi wa Mombasa tukisikia habari za feri hatuhitaji kuelezwa. Tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walikufa maji feri ilipopinduka Mtongwe.

Sisi tuna nini?

Kenya nayo ina historia yake. Katika shambulio la jengo la Westgate, Nairobi, mnamo Septemba 2013, iliripotiwa kwamba polisi na wanajeshi walioingia humo hawakuwa na mawasiliano ya pamoja, hata wakafyatuliana risasi. Mwaka uliofuata, Novemba 2014, serikali ilitia saini mkataba na Safaricom wa kuwajengea polisi mtandao wa mawasiliano na kamera katika miji ya Nairobi na Mombasa, kwa gharama ya karibu shilingi bilioni 15. Ulihusisha kamera 1,800 na minara ya 4G. Bungeni kulizuka mjadala mkali, hasa kuhusu kazi hiyo kupewa kampuni moja bila ushindani.

Hata hivyo, mtandao huo uliagizwa kwa ajili ya polisi. Sasa soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Polisi ni wa serikali ya kitaifa. Zimamoto na ambulensi ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo usiku ule wa moto Kuze, askari anayezuia halaiki ya watu, mzimamoto aliye darini na muuguzi aliye na machela wanatumwa na serikali mbili tofauti, zenye bajeti mbili. Sheria isipowalazimisha kuzungumza katika njia moja, kila mmoja atanunua redio zake, na yale ya New York yatatufika hapa hapa kwetu.

Kisha kuna umeme. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi. Mnara wa simu usio na betri za kutosha wala jenereta huzimika pia, na hapo hata kadi ya daraja la 14 haina faida.

Sheria iseme nini

Yanayohitajika si mengi. Kwanza, haki ya waokoaji ya kupishwa iandikwe katika leseni ya kila kampuni ya simu, isiachwe iwe hisani. Pili, wazimamoto na ambulensi za kaunti waingizwe katika mtandao mmoja na polisi. Tatu, kampuni zilazimishwe kuweka akiba ya umeme katika minara, na mawasiliano yapimwe ndani ya nyumba za matumbawe, si barabarani tu. Nne, isikatwe wala kupunguzwa kasi intaneti ya mwokoaji kwa sababu ya bili. Tano, iandikwe wazi nani anatangaza dharura, na kwa muda gani, ili haki hiyo isigeuzwe kuwa rungu la kuwazimia wananchi simu zao.

Na sisi majumbani tuna wajibu. Wafundishe watoto nambari 999 na 112. Ya 112 hupita hata ukiwa huna salio. Wafundishe pia kueleza nyumba yenu ilipo kwa alama ambayo mgeni ataielewa, kwa maana muuza mahamri usiku hayupo. Na moto ukizuka kwa jirani, piga simu moja ya kuita msaada, kisha iweke chini. Video inaweza kusubiri.

Kuze tunajua desturi ya vichochoro: jeneza au mgonjwa akipita, hata mwenye mkokoteni mzito husogea ukutani. Hakuna anayesubiri kuambiwa. Huko hewani, desturi hiyo lazima iandikwe, kwa sababu mashine haina haya.