Kibwile, lugha iliyokatwa na mpaka wa Mweru

UKITEREMKA Kashikishi, Nchelenge, ukitokea Kilwa ya Kongo, Kiswahili chako kitakufikisha kwa muuza chisense, wale dagaa wa Mweru. Ukiongeza “mwapoleni” ya Kibemba, bei huenda ikalegea. Lakini ndugu mfanyabiashara, panda kaskazini hadi Chienge kwa Chifu Puta, usikilize wavuvi wanavyosemezana wao kwa wao. Hicho ni Kibwile.

Ni lugha ya Kibantu, ndugu ya Kibemba na Kitaabwa. Wenyewe wako pande zote mbili, Zambia na upande wa Pweto. Mpaka uliwakuta hapo.

Zambia ina lugha saba za kienyeji za shuleni na redioni. Luapula imepangiwa Kibemba. Kongo ina nne za taifa: Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Kibwile hakimo katika saba za huku wala nne za kule. Hata wamisionari walikipita. Dan Crawford, aliyeishi Luanza kandokando ya ziwa hili hadi kifo chake mwaka 1926, Biblia aliitafsiri kwa Kiluba cha Sanga. Wale wa Mbereshi wakashika Kibemba.

Wapo watakaosema ndivyo lugha ndogo zinavyokwisha. Basi watazame Paraguay, Amerika ya Kusini. Kiguarani, lugha ya wenyeji, kilidharauliwa miaka mingi, kisha katiba ya mwaka 1992 ikakifanya rasmi sambamba na Kihispania. Wasemaji wake leo ni mamilioni. Ila, na hili tusilifiche, ndugu zake wadogo kama Kiaché hawakupata bahati hiyo.

Mzigo mzito uko kwa waliorudi. Familia zilizokimbia mapigano ya Pweto mwaka 2000 zililea watoto katika kambi za Kala na Mwange, kwa Kiswahili na Kibemba. Mwange ilifungwa mwaka 2010. Mtoto aliyerudi akiwa kijana anamwamkia bibi kwa Kiswahili, bibi anaitikia kwa Kibwile. Na mambo ya ukoo, shamba la muhogo linaishia wapi, nani kazikwa wapi, wazee huyasema kwa lugha hiyo. Kijana atadaije shamba la babu yake kwa mkalimani?

Tangu mwaka 2018 wakimbizi wengine wamepokewa Mantapala, hapahapa Nchelenge, na watoto wanakulia humo. Kama bibi yumo nyumbani mwenu, mwacheni awatajie samaki kwa majina anayoyajua yeye.