Redio ya Ridhaa Inaponyamaza Baada ya Kubadili Mfumo wa Kompyuta

Mei 12, 2024, hitilafu katika mikongo ya mawasiliano ya baharini ilizorotesha intaneti nchini na katika nchi jirani. Katika hali kama hiyo, kituo kidogo cha redio ya ridhaa kilichoko Bagamoyo au Saadani kinaweza kupeleka ujumbe mbali bila kutegemea intaneti wala minara ya simu.

Vituo vingi vya aina hiyo sasa huunganishwa na kompyuta. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na anayehamia Windows 11 anaweza kukuta programu kama Fldigi au WSJT-X inafunguka, lakini haipokei wala haitumi. Mara nyingi redio yenyewe huwa nzima. Yapo mambo matatu ya kukagua, moja baada ya jingine.

La kwanza ni kebo ya USB. Mfumo mpya unaweza kuipa namba nyingine ya mlango, kwa mfano COM7 badala ya COM3. Namba hiyo irekebishwe ndani ya programu. Baadhi ya kebo zenye chipu za zamani za Prolific PL2303 hazitambuliwi kabisa, na dawa yake ni kununua nyingine. Aidha, hewa ya chumvi ya pwani huleta kutu, hivyo ncha za kebo zikaguliwe.

La pili ni sauti. Windows 11 huihesabu sauti itokayo redioni kama ya maikrofoni, na inaweza kuizuia. Ruhusa itolewe katika mipangilio ya faragha, kisha kadi ya sauti ichaguliwe upya.

La tatu ni saa. Mtindo wa FT8, uliobuniwa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke, hutuma kwa vipindi vya sekunde 15. Saa ya kompyuta inapaswa kuwa sahihi kwa takriban sekunde 1, la sivyo ujumbe hausomeki. Kwa kuwa saa hiyo kwa kawaida hurekebishwa kupitia intaneti, kipokezi cha GPS ni akiba muhimu.

Urushaji wowote huhitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mwenye leseni anashauriwa kufanya jaribio kabla ya masika, tena intaneti ikiwa imezimwa, ili kasoro ibainike kabla ya dharura.