KOMPYUTA KUUKUU NA MFUMO MPYA: TUZITUPE AU TUZITENGENEZE?



Kwa muda sasa wanachama wengi wametujia ofisini na suali moja. Kompyuta ya kijana wao wa skuli, au ya duka, au ya ofisi ya tawi, yatoa maandishi kwenye kioo kusema kwamba muda wa mfumo wake umekwisha. Wauliza: je, mashine imekufa? Inunuliwe nyingine? Na kazi iliyomo ndani itapotea? Kwa kuwa suali hili lagusa pia daftari la chama chetu, ambalo ndani yake mna majina yenu, uzito wa karafuu zenu na akiba zenu, tumeona inafaa tulieleze kwa urefu katika ukurasa huu.

MFUMO NI KITU GANI

Kompyuta ina vitu viwili. Cha kwanza ni chombo chenyewe: kioo, vitufe, diski na kadhalika. Cha pili ni mfumo endeshi, ambao hauonekani kwa mkono, lakini bila ya huo chombo ni bati tupu. Mfumo ni mfano wa msimamizi wa shamba. Yeye ndiye anayegawa kazi, anayefungua ghala na kulifunga, na anayejua nani aingie na nani azuiliwe. Walio wengi kati yetu hutumia mfumo unaoitwa Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani.

Msimamizi huyu yataka apewe maagizo mapya kila mara, kwa sababu wezi nao hawalali. Kila mwezi kampuni hutoa marekebisho ya kuziba matundu yaliyogunduliwa. Inapofika siku kampuni ikasema, "Basi, huu hatuutazami tena," matundu yanayogunduliwa baadaye hubaki wazi. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili, 2014. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari, 2020. Na Windows 10, ambayo ndiyo imo katika kompyuta nyingi za kisiwani, iliachwa tarehe 14 Oktoba, 2025.

Angalieni kwamba siku hiyo hakuna kompyuta iliyozimika. Asubuhi yake ziliwaka kama kawaida, na ndiyo maana watu wengi hawakujali. Ufa hauangushi nyumba siku ile ile unapotokea. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

KWA NINI MASHINE NZIMA ZIMEACHWA

Mfumo uliofuata, Windows 11, ulitolewa tarehe 5 Oktoba, 2021. Mwenye Windows 10 huupata bila ya malipo, lakini kwa masharti. Kompyuta iwe na kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64; iwe na kifaa cha kutunza funguo za siri kinachoitwa TPM 2.0; na processa yake iwe katika orodha ya kampuni. Kwa processa za Intel, orodha hiyo huanzia kizazi cha nane, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Kwa hivyo kompyuta nzima kabisa, iliyonunuliwa mwaka 2016 na kutunzwa vizuri, hukataliwa mlangoni.

Kukijua kizazi si kazi ngumu. Tazameni jina la processa. Ikiwa imeandikwa i5-7200U, ile 7 ya mwanzo ni kizazi cha saba, na haimo. Ikiwa ni i5-8250U, ni kizazi cha nane, nayo imo. Khabari hii ni ya faida khasa kwa mnunuzi wa kompyuta iliyokwisha tumika. Muuzaji anaweza kuwaonyesha Windows 11 ikiwaka juu ya mashine isiyostahiki, nanyi mkalipa bei ya mashine inayostahiki. Msitazame rangi ya kioo tu. Ulizeni namba ya processa kabla ya kutoa fedha.

KHATARI YA KUKAA KIMYA

Mwezi wa Machi, 2017, Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba tundu moja kubwa katika Windows. Wengi hawakuyatia. Tarehe 12 Mei ya mwaka ule ule ikatoka programu mbaya iliyoitwa WannaCry, ikapita katika tundu hilo hilo. Iliyafunga mafaili ya watu kwa kufuli la siri, kisha ikadai fedha ili iyafungue. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi kiasi cha 150 ziliguswa. Huko Uingereza hospitali nyingi zilisimamisha kazi, na inakadiriwa kuwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilivunjwa.

Mtu atasema, "Mimi mkulima, nani atanifuata huku?" Lakini programu ile haikumchagua mtu. Iligonga kila mlango, na uliokuwa wazi iliingia. Jaalieni daftari la msimu mzima limefungwa namna hiyo, na wanachama wamesimama nje wakingojea malipo yao. Nani atakayejua fulani alileta pishi ngapi?

NJIA NNE ZILIZOPO

Njia ya kwanza ni kununua muda. Microsoft iliweka nyongeza ya marekebisho kwa Windows 10. Kwa mtu binafsi nyongeza hiyo ilipangwa kufika tarehe 13 Oktoba, 2026, kwa dola 30, au bila ya fedha kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake katika akaunti yake ya Microsoft. Kwa vyama na kampuni, bei ya kila kompyuta iliwekwa dola 61 kwa mwaka wa kwanza, nayo huzidi mara mbili kila mwaka, mpaka miaka mitatu. Hesabu yake ni 61, kisha 122, kisha 244. Jumla dola 427. Kwa kompyuta mbili za ofisi yetu ingekuwa dola 854, na mwisho wake tungerudi pale pale tulipoanzia.

Njia ya pili ni kuitia Windows 11 kwa nguvu katika mashine isiyostahiki. Jambo hili lawezekana. Iko programu iitwayo Rufus ambayo hutayarisha flashi ya kuingizia mfumo na kuyaondoa yale masharti ya TPM. Mashine nyingi hufanya kazi vizuri baada ya hapo. Walakini kampuni imesema wazi kwamba haitoi dhamana ya marekebisho kwa mashine kama hizo. Tena, kila toleo kubwa la mwaka yataka litiwe kwa mkono, na tangu toleo la mwaka 2024 processa kongwe mno haziwaki nalo hata kwa nguvu. Kijana mwenye ujuzi na kompyuta yake mwenyewe anaweza kuifuata njia hii. Kwa daftari la watu wengi hatuisifu.

Njia ya tatu ni kubadilisha msimamizi. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo akakigawa bure, na watu wa dunia nzima wakauendeleza. Huo ndio Linux. Iko Linux ya namna nyingi. Mojawapo ni Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini; jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa lenye maana ile ile ya "utu" wetu. Nyingine, iliyojengwa juu ya Ubuntu, ni Linux Mint, ambayo sura yake haimtishi aliyezoea Windows. Hii hutosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 2, ijapokuwa 4 ni bora, na nafasi ya gigabaiti 20. Haiulizi TPM. Toleo lake la 22, la mwaka 2024, limeahidiwa marekebisho mpaka mwaka 2029. Ndani yake mna LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia hesabu, nayo hufungua mafaili ya Word na Excel.

Lakini ina taabu zake, na haifai tuzifiche. Programu zilizotengenezwa kwa Windows tu, kama baadhi ya zile za uhasibu au za mashine za risiti, huenda zisifanye kazi. Jaduali za Excel zenye amri za kujiendesha huweza kuharibika. Na printa nyingine hukataa. Yote haya yataka kujaribiwa kwanza.

Njia ya nne ni kuitenga mashine na intaneti kabisa, ikawa ni daftari la kuandikia tu. Kwa kituo cha mizani yatosha. Lakini flashi zinazoingia na kutoka huleta virusi vile vile, basi iwepo flashi moja maalumu, isiyotiwa penginepo.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Kwanza, nakilini kazi zenu zote katika flashi mbili au diski mbili za nje, na moja iwekwe nyumba nyingine. Kisha zifungueni nakala hizo katika kompyuta nyengine muone kama zasomeka. Nakala isiyojaribiwa ni kama gunia lililoshonwa bila ya kutazamwa. Huenda ndani mna makonyo.

Pili, pakueni mfumo kutoka kwa wenyewe, si kwa rafiki wala kwa duka. Linux Mint ni karibu gigabaiti 3, na Windows 11 ni zaidi ya gigabaiti 5. Basi tafuteni pahala penye intaneti ya bei nafuu.

Tatu, Linux huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila ya kugusa kitu katika diski. Jaribuni namna hiyo: sauti, printa, intaneti, na mafaili yenu. Mkiridhika, ndipo muiingize.

Nne, msianze kazi hii bila ya chaji ya kutosha. Umeme ukikatika katikati, mashine yaweza kubaki bila ya mfumo wowote.

Tano, kompyuta nzito mara nyingi hainyimwi nguvu na mfumo bali na diski ya zamani. Kuitia diski ya SSD na kuiongezea kumbukumbu ni gharama ndogo kuliko mashine mpya, na tofauti yake huonekana siku ile ile.

SHAURI LILILO MBELE YETU

Katika kamati pana rai mbili. Wengine wasema tuziuze kompyuta zote mbili tununue mpya, tukapate raha. Wengine wasema fedha hizo ni makato ya wanachama, na mahitaji ya majamvi na magunia hayangoji. Ili pasiwe na maneno matupu, tumeitia Linux Mint katika ile kompyuta ya mwaka 2014, na nakala ya daftari la msimu uliopita tumeifungua ndani yake. Jumla za uzito na malipo zimelingana na kitabu cha mkono. Printa ya ofisi imekubali. Jaduali moja tu ya akiba, yenye amri za kujiendesha, ilikataa, na mshika fedha ameiandika upya kwa siku mbili.

Kompyuta ya pili bado haijaguswa. Tumeiondoa katika intaneti, na hatutaibadilisha mpaka mkutano mkuu utoe amri, kwa kuwa mali ni yenu. Tunapendekeza nayo ifuate njia ya tatu, itiwe diski ya SSD, na fedha ya mashine mpya iwekwe mpaka mojawapo itakapovunjika kweli. Mkarafuu wa babu haukatwi kwa sababu Bwana Shamba hakuutia katika orodha yake. Hukatwa pale unapoacha kuzaa.

Mwanachama anayetaka kuiona mashine hiyo ikifanya kazi afike ofisini siku yoyote ya kazi, na kijana wake wa skuli amfuate, alete na flashi yake. Na atakayekuwa na rai tofauti aje nayo mkutanoni, tuipime sote pamoja kabla ya mizani kufunguliwa.