Mke aliyepunguzwa tumbo: chakula, faragha na uzazi

Baada ya swala ya Ijumaa moja hapa Maore, chini ya milima ya Upare, bwana mmoja alitushika mkono akatuomba faragha. Mkewe alikuwa amerejea kutoka Dar es Salaam, alikofanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo. Mama yake bwana huyo analalamika kuwa mkwewe anadharau makande yake. Naye bwana anatamani mtoto, kwa kuwa siku za mkewe, zilizokuwa zikiruka miezi mingi, sasa zimekaa sawa. Daktari amewaambia wangoje. Je, kungoja huko si kukataa riziki ya Mwenyezi Mungu?

Huduma za kupunguza uzito, ikiwamo puto linalowekwa tumboni na upasuaji wenyewe, sasa zinapatikana nchini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Basi swali hili litabisha hodi katika nyumba nyingine pia. Upasuaji huo ukifanywa kwa agizo la tabibu kwa ajili ya maradhi, kama kisukari au shinikizo la damu, ni matibabu. Hapo hatuoni haja ya kurefusha maneno.

Lililo zito ni uzazi. Unene uliokithiri huweza kuvuruga homoni na kuzuia yai kupevuka. Uzito ukishuka, yai hupevuka tena, mara nyingi mapema kuliko mke anavyodhani. Lakini katika miezi hiyo hiyo mwili wake unapungua kwa kasi, na akiba yake ya madini ya chuma, foliki asidi na vitamini B12 huweza kuwa ndogo. Mimba ikiingia wakati huo, mama huweza kupungukiwa damu na mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Ndiyo maana madaktari hushauri kungoja miezi 12 hadi 18. Tena wengi hawalijui hili: vidonge vya kumeza vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe ipasavyo, hasa pale utumbo ulipounganishwa upya, au mke anapotapika na kuharisha. Kitanzi na kipandikizi havitegemei tumbo. Na amuulize daktari wake.

Ama hukumu, Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia kwamba masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, zama Qur'ani ikiteremka, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Kwa msingi huo wanavyuoni wengi wa zama hizi wameruhusu kupanga nafasi ya uzazi kwa maridhiano ya mume na mke, sembuse pale dhara inapochelewa. Tulimwambia yule bwana angoje bila wasiwasi.

Kuhusu makande, mama asamehe: mahindi yake ni magumu kwa tumbo hilo katika miezi ya mwanzo. Mke hula kidogo kidogo, akitafuna polepole, akianza na protini: yai, samaki, maziwa mgando, maharage yaliyopondwa. Wali wa Ndungu na ugali vije nyuma. Maji ayanywe mbali na chakula, kwa kiasi cha nusu saa. Chai yenye sukari nyingi, soda na halua huweza kumletea jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha. Vidonge vya vitamini aendelee navyo kama alivyoandikiwa, mara nyingi maisha yote; vya chuma asivimeze pamoja na kalsiamu wala asivishushie kwa chai.

Faragha nayo ina haya zake, ila hakuna haya katika kutafuta elimu. Wanawake wengi husema hamu yao hurejea uzito unaposhuka, lakini si wote. Yupo anayejificha kwa sababu ya ngozi iliyolegea, na yupo aliyechoka kwa upungufu wa damu. Mume asiliite unushuzi jambo lenye dawa. Wakutane tena kidonda kikipona na daktari akiruhusu. Ukavu au maumivu yasiyokoma yapelekwe hospitali, na mume afuatane naye. Suratul Baqara, aya ya 187, imewafananisha wanandoa na vazi, nasi hatujapata kuona vazi linalosimulia barazani kilicho chini yake.

La mwisho alituuliza kuhusu Ramadhani. Aliye katika miezi ya mwanzo hawezi kunywa maji mengi kwa mara moja, hivyo saumu huweza kumkausha. Amuulize daktari, akizuiwa, ale, kisha alipe atakapoweza. Mama mkwe asimhesabie siku hizo.