Mwanga na mbolea majini: Funzo la Mto Mara kwa mwenye tangi la samaki

MACHI 2022, wakazi wa bonde la chini la Mto Mara waliyakuta maji ya mto huo yamegeuka meusi na kutoa harufu mbaya, huku samaki waliokufa wakielea juu yake. Serikali ilizuia kwa muda matumizi ya maji hayo na kuunda kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele kuchunguza chanzo.

Kamati hiyo ilieleza kwamba oksijeni ilikuwa imepungua majini kutokana na mrundikano wa kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza. Taarifa hiyo haikupokewa kwa kauli moja. Wapo walioitilia shaka, wakilihusisha tukio hilo na uchimbaji wa madini mkoani Mara.

Pamoja na ubishi huo, lilibaki swali moja ambalo wengi walijiuliza: kinyesi ambacho shambani ni mbolea kinawezaje kuua samaki mtoni?

Jibu lake halimhusu mfugaji wa Tarime na Serengeti peke yake. Linamhusu pia mkazi wa mjini aliyeweka sebuleni tangi la kioo lenye samaki wa mapambo na mimea michache ya kijani, kwa kuwa kanuni inayotawala mto ndiyo inayotawala tangi hilo.

Mmea wa majini na chakula chake

Mmea uliozama majini, kama ulivyo mhindi shambani, hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga, maji na hewa ya ukaa. Katika kazi hiyo hutoa oksijeni, ambayo samaki huivuta. Ili ukue, huhitaji pia virutubisho, hasa naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na kwa kiasi kidogo madini kama chuma.

Mahitaji hayo hayafidiani. Kile kilichopungua kuliko vingine ndicho kinachoamua kasi ya ukuaji. Mwanga ukiwa hafifu, mbolea nyingi haiusaidii mmea. Na mwanga ukiwa mkali ilhali virutubisho ni haba, mmea hudumaa, na mwani, ambao hutosheka na kidogo, huchukua nafasi yake.

Aidha, usiku unapoingia mmea huacha kutoa oksijeni, nao huendelea kuitumia kama samaki. Bakteria wanaoozesha majani, mabaki ya chakula na kinyesi hufanya kazi hiyo usiku na mchana, nao pia huhitaji oksijeni. Mabaki yakizidi, bakteria huongezeka na oksijeni huisha. Hapo samaki hukosa pumzi hata pasipo tone la sumu.

Mara, mto uliojaa mbolea

Mto Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita hifadhi za Maasai Mara na Serengeti, kisha huelekea Ziwa Victoria ukipita kati ya wilaya za Tarime na Serengeti. Njiani hupokea udongo wa mashamba, kinyesi cha mifugo na taka za makazi.

Wanyamapori nao wana mchango wao. Utafiti wa Amanda Subalusky na wenzake uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa wastani wa nyumbu 6,250 hufa maji kila mwaka katika mto huo wakati wa kuhama, na kwamba mifupa yao huendelea kuachia fosforasi kwa miaka kadhaa.

Mwaka 2018, Christopher Dutton na wenzake walionyesha kuwa kinyesi cha viboko hurundikana katika madimbwi ya mto na kumaliza oksijeni. Mafuriko ya ghafla yanapoyasukuma maji hayo kwenda chini, samaki hufa.

Virutubisho, kwa hiyo, si haba katika Mto Mara. Kinachokosekana mara nyingi ni mwanga ndani ya maji, kwa kuwa tope huuzuia kufika chini. Ndiyo maana katika ardhi oevu ya mto huo hustawi mafunjo, ambayo mizizi yake hunywa majini na majani yake huota jua juu. Mafunjo huchuja tope na virutubisho vingi kabla havijafika ziwani, lakini yakifa na kuoza majini, nayo hugeuka mzigo.

Mwanga sebuleni

Anayeanza kutunza mimea ndani ya tangi hukosea mara nyingi kwa kudhani kwamba mwanga mwingi zaidi ni bora zaidi. Kwa tangi jipya, taa ya kawaida ya LED nyeupe iwashwe kati ya saa sita na nane kwa siku, tena kwa muda uleule kila siku. Kifaa cha kuwasha na kuzima taa kwa saa maalumu hurahisisha kazi hiyo.

Tangi lisiwekwe dirishani panapopigwa na jua. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, jua la moja kwa moja hupasha maji na kustawisha mwani hata kioo kikawa kijani. Maji yanapopata joto hubeba oksijeni kidogo zaidi, wakati samaki wenyewe wanahitaji zaidi.

Ni busara kuanza na mimea isiyodai mwanga mwingi. Anubias, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, huota polepole na hufungwa juu ya jiwe au kipande cha mti. Ceratophyllum, ambayo huota pia katika Ziwa Victoria, haina mizizi. Huelea na kunyonya virutubisho moja kwa moja kutoka majini.

Mbolea ipi, kiasi gani

Samaki wenyewe ni chanzo cha mbolea. Kinyesi chao na mabaki ya chakula hutoa naitrojeni na fosforasi. Kinachopungua mara nyingi ni potasiamu na chuma, na hivyo ndivyo vinavyotafutwa katika mbolea ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi.

Mmea wenyewe hutoa dalili. Majani ya zamani yakigeuka njano, huenda naitrojeni imepungua. Yakitoboka matundu madogo, huenda ni potasiamu. Na majani machanga yakichipua yakiwa yamepauka, huenda ni chuma. Ni vema kuanza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kusubiri wiki mbili kabla ya kuongeza.

Mbolea za shambani kama urea na DAP zisitumiwe kamwe. Zikiingia majini hutoa amonia, ambayo huua samaki hata ikiwa kidogo. Sambamba na hilo, tangi jipya huhitaji takriban wiki nne hadi sita ili bakteria wanaobadilisha amonia wawe wa kutosha. Kabla ya hapo samaki wawe wachache mno.

Robo ya maji ibadilishwe kila wiki, na majani yaliyokufa yaondolewe kabla hayajaoza. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwa siku nzima kwanza. Asubuhi samaki wakionekana wakihema juu ya maji, hiyo ni ishara kwamba oksijeni imepungua usiku: kiasi cha chakula kipunguzwe, sehemu ya maji ibadilishwe, na pampu ya hewa iwashwe.

Mimea isitupwe mtoni

Lipo jambo la mwisho linalomuunganisha mwenye tangi na wavuvi wa Mara. Gugumaji, asili yake Amerika ya Kusini, lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake, likipandwa katika madimbwi ya bustani. Lilipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuta mbolea tele na jua la Ikweta, likaziba mialo na kuzuia mitumbwi.

Kwa sababu hiyo mimea inayopunguzwa katika tangi ikaushwe juani na kufukiwa, isitupwe kwenye mtaro wala mto. Mwenye tangi anaweza kuzima taa na kupunguza mbolea kwa mkono mmoja. Mtoni hakuna swichi ya kuzima, na wanaoyategemea maji yake kwa kunywa, kunyweshea mifugo na kuvua ndio wanaobaki na hasara.